Matawi ya Mwisho ya Mwamba Wetu

Benchi letu liko nje ya karakana ya Cheche, fundi wa kuchomelea, na kahawa namimina mimi. Asubuhi ile Cheche alikuwa amenuna: fremu zote za chuma alizotengeneza za kupandia matumbawe kwenye mwamba wetu zilikuwa zimepakiwa kwenye lori, zinapelekwa mwamba wa mbali. Mapezi, mzamiaji wa kituo cha utafiti, aliyeulea mwamba huu tangu hajaoa, hakugusa kikombe. Roho iliniuma kumwona vile.

— Wametuibia mchana kweupe! alisema Cheche.

— Hawajaiba, alijibu Mapezi. Wakubwa wa kituo wamepima hatari ya kutoweka. Yale matumbawe tunayoyaita pembe yamebaki kidogo dunia nzima, na hapa kwetu maji yanazidi kuwa moto kila mwaka. Wanasema hapa hayatapona. Kule kuna mkondo wa maji baridi.

— Maji ya moto si yanapozwa? alidakia Wakili wa Bure, ambaye hajawahi kusomea sheria wala kushindwa kesi. Tumwage barafu ya kiwanda cha samaki kila Ijumaa!

— Acha masihara, bwana, alisema Mapezi.

— Basi turubai. Tulitandaze juu ya bahari, liwe kivuli.

— Vyuma vya kulishikilia nitachomelea mimi, alisema Cheche, akasahau kununa.

— Au tuushtaki mwezi! Si ndio unaovuta maji, matumbawe yakabaki juani?

Nilicheka mpaka nikamwaga kahawa. Mapezi hakucheka.

— Kesho natumwa kuyakata, alisema. Yale machache yaliyobaki hai. Niyatie kwenye matangi, yakapandwe kule.

— Kataa!

— Nikikataa yatafia hapa. Wamesema kweli, Cheche. Ningekuwa mimi ndiye ninayepima, ningesema hivyohivyo.

Dereva wa lori, mgeni kwetu, alikuwa amesimama pembeni akisubiri kahawa. Nikampa. Akapiga funda moja, akamgeukia Mapezi kwa upole.

— Samahani, kaka. Ukishayatoa hayo kesho, keshokutwa utazamia kuangalia nini?

Mapezi akakisukuma kando kikombe chake, bado kimejaa. Cheche akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Mimi nikawaambia kahawa imekwisha, na birika lilikuwa bado zito mkononi.