Kanuni za Jini

Mashua ya Tumbatu ilipong'oa nanga Mkokotoni, mwalimu Nassra, aliyeketi mbele yangu, alikuwa ameshamtambua jirani yake. Ni Bi Kurwa, muuza dagaa, ambaye hadithi yake ya jini aliyehamia mwezini ilisomwa redioni wiki iliyopita. Ya Nassra, aliyoipeleka pia, haikusomwa.

"Shikamoo, Bi Kurwa." Shikamoo ile ilitoka kwa tabu, kama jino. "Ulitumia mwongozo gani?" Mapajani alikuwa na kitabu cha kufundisha utunzi wa hadithi za ajabu, kimepigwa mistari ya rangi tatu.

"Marahaba. Mie sina mwongozo, mwanangu."

"Sura ya nne inasema ulimwengu wa kubuni lazima utungiwe kanuni zake. Ile ya kutomwaga maji ya moto nje bila kuwaonya majini, uliitunga vipi?"

Bi Kurwa alimtazama kwa huruma. "Kwani nyinyi mjini mnayamwaga tu?"

Nassra alisema kitabu hakijakosea, ila wengine wamependelewa tangu kuzaliwa. Bi Kurwa akajibu kwamba kitabu kinafaa, kwa asiyekuwa na bibi wa kumkemea jikoni.

Mashua iligusa mchanga hawajapatana. Nami nikaufunga vizuri mkoba wangu, kisije kikachungulia kitabu kama kile, changu kikiwa na mistari ya rangi nne.