Nani Anakuita Dha?

Benchi letu liko nje ya duka la mikate, Barnsley, kaskazini mwa Uingereza, na asubuhi huwa tunakaa watatu: mimi, Walter Mkaa aliyechimba makaa ya mawe tangu ujanani, na Clifford Bosi, aliyekuwa msimamizi wake kule chini. Mgodi ulishafungwa zamani, lakini Walter bado humwacha Clifford aketi kwanza. Siku hiyo, chai mkononi, tulibishana neno "dha", yaani "wewe" ya Kiingereza cha kwetu, limepotelea wapi. Wazee wetu walimwita hivyo mtu waliyemzoea. "Yu" ya Kiingereza cha kawaida ilikuwa ya watu wengi, au ya mkubwa. Leo kila mtu ni yu, hata paka.

— Adabu ndiyo iliyoliua, — alisema Clifford. — Watu waliogopa kukosea, wakampa kila mtu heshima ya bwana mkubwa.

— Adabu wapi, Bosi. Ni reli, — alisema Walter. — Ilituletea watu wa London na midomo yao.

— Mimi nasema simu, — nikadakia. — Humwoni unayeongea naye, utajuaje ni wa kumwita nini?

— Na "naisi" nayo iliharibiwa na simu? — Clifford akanigeukia. — Leo ni mtu mwema, lakini zamani ukimwita mtu naisi, umemwita mpumbavu.

— Kumbe ndiyo maana Maud alikuwa akinisifu hivyo, — alisema Walter.

Tukacheka, kisha tukainamia vikombe vyetu. Maud, mkewe, tulimzika mwezi Machi.

Bi Harriet, jirani yetu mgeni kutoka kusini, alikuwa amesimama na mkate wake, akitusikiliza.

— Samahani, Bwana Walter. Siku hizi nani anakuita dha?

Walter alinitazama, kisha akamtazama Clifford. Mimi mama alinichapa nikiwa mdogo ili nisiliseme, na ulimi ukazoea. Clifford alikuwa bosi; mgodini bosi hakuitwa dha, naye hakumwita mtu dha.

— Alikuwa Maud, — Walter alisema mwishowe. — Kila asubuhi, kabla sijavaa viatu.

Bi Harriet akainamisha kichwa.

Clifford alisogea karibu na Walter. Miaka yote hiyo sikuwahi kulisikia neno lile kinywani mwake.

— Kunywa chai, Walter, — alisema. — Dha utaiacha ipoe.

Walter aliinua kikombe chake.

— Na dha pia, — akajibu taratibu. — Dha pia, Cliff.