Fundi Saa wa Chumba Namba Tisa

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni mdogo wake wa mwisho, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu, fundi saa, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1958, mtoto wa pili kati ya sita wa baba mwashi na mama mshonaji. Alianza darasa la kwanza Januari 1966, akafika kidato cha pili, lakini baba alipoanguka kazini na kuvunjika nyonga ilibidi aache shule, akapelekwa kwa mjomba aliyetengeneza saa, ambaye alimfundisha kwamba saa isiyo na kibandiko chenye jina la mwenyewe ni saa iliyopotea.

Tarehe 1 Agosti 1984 alipanga chumba namba tisa nyuma ya soko, kwa kupeana mikono tu na mzee mwenye nyumba, akamwaga sakafu ya saruji, akavuta umeme, akaweka dirisha na rafu, yote kwa jasho lake, na wenzake walipomshauri adai mkataba wa maandishi alijibu kuwa kumwomba mzee karatasi ni kumtukana, maana kaka yetu, Mungu amrehemu, alikuwa haambiliki.

Tarehe 12 Aprili 1986 alifunga ndoa na muuza vitambaa wa mlango wa pili, aliyempelekea saa moja mara tatu ilhali ilikuwa nzima, wakajaliwa watoto wanne, mmoja akatangulia mbele za haki mwaka 1995, na wajukuu watano.

Mwaka 2019 mzee alifariki, mrithi akaja, akakisifu chumba, kisha akasema chumba kizuri hivyo kina wateja wengi, na asiye na karatasi hutoka kwa notisi ya siku kumi na nne. Hapo kaka alijua kuwa majuto ni mjukuu, akaanza kupita mlango kwa mlango kukusanya sahihi za wapangaji wadogo, wakiomba sheria yenye mambo matatu, mkataba wa maandishi, notisi ya miezi sita, na fidia kwa mpangaji aliyekijenga chumba kwa mkono wake. Na kwa kuwa alikuwa fundi saa, hakukubali sahihi tupu, kila mtu alimwandika jina, kazi na namba ya mlango, watu sitini na mmoja, akaiwasilisha orodha mbele ya kamati ya bunge tarehe 14 Juni 2022, akarudi akitembea kama bwana harusi.

Hakujua kwamba nakala ya orodha hupelekwa pande zote. Wenye nyumba waliisoma vizuri kuliko kamati, na kabla mwezi haujaisha wapangaji kumi na tisa wa orodha ile walikuwa barabarani na meza zao, mlango kwa mlango, kama alivyowapanga. Aliwafuata wote kuwaomba radhi, wengine wakamsamehe, wengine wakamfungia mlango, na mkewe alimsikia akisema, "Hawa watu nimewatoa mimi, kwa mkono wangu." Tangu siku hiyo hakucheka tena, na ninasema mbele yenu kuwa jambo hilo ndilo lililomuua.

Shinikizo la damu lilimpata mwaka 2023, akapooza upande wa kulia tarehe 9 Septemba 2024, na kila siku wodini aliuliza kama muswada wa sheria ile umesomwa bungeni, nasi tulimdanganya kuwa uko njiani, ilhali ulikwisha kurudishwa kabatini. Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, mafundi wenzake, na kwa namna ya pekee wale kumi na tisa, ambao nawaona wengi wenu hapa, na hatuna la kuwalipa. Shemeji yangu alipokea notisi ya siku kumi na nne ya kuhama chumba namba tisa, siku sita kabla ya msiba, naye marehemu hakuambiwa.

Kaka, pumzika kwa amani, sisi tuna mpaka Ijumaa.