Mafuta Yako Kushoto

Niurka, vua helmeti uketi hapa kitandani, na wewe Eliécer acha kujifanya unafuta grisi, sogea mlangoni nikuone. Daktari ameshafuatwa na jirani kwa miguu, nami pumzi niliyobaki nayo ni ya kusemea, kwa hiyo hakuna atakayetoka na pikipiki hiyo kabla sijamaliza.

Nisikilizeni, wanangu. Nyumba hii ni yenu wawili, asimfukuze mmoja mwenzake hata mgombane vipi. Cherehani ni ya Niurka. Mjomba wenu Ñico aje mazikoni, apewe kahawa kama watu wengine, ingawa ndiye aliyeibandika pikipiki ya baba yenu jina la "kilema", mji mzima wa Placetas ukalishika. Kinyongo hicho kilikuwa changu, naondoka nacho, ninyi msikirithi.

Tangu nilipolazwa humu mlango uko wazi, na ile Harley ipo sebuleni mbele ya macho yangu, palepale alipoisimamisha baba yenu Evelio siku aliyoikokota kutoka banda la nguruwe, kutu tupu, na mkono wake wa kulia bado una bandeji baada ya mashine ya miwa kumla vidole. Watu wakamwuliza, "Evelio, kwa kiganja hicho utaendesha nini, kiti cha bembea?" Akacheka nao, kisha akaingia kazini. Pistoni aliichonga kutoka ya trekta la Kirusi. Sufuria yangu ya wali aliiyeyusha bila hata kuniomba, ikawa vibao vya kukanyagia, nami nikamnunia mpaka siku aliponipakia. Kila kitu cha namna hiyo alikiita invento, akikitaja kama mtu anayetaja jina la mtoto wake. Na invento kubwa kuliko zote ni vishikio. Vyote viwili vinazunguka, cha kulia kilitoka kiwandani kikiwa cha mafuta na cha kushoto cha kurekebisha moto wa plagi. Yeye akavigeuza, mafuta yakaja kushoto, kwenye mkono wake uliobaki mzima. Hivyo ndivyo alivyokufundisha, Niurka, na ndivyo mikono yako inavyojua.

Eliécer, nilikuona asubuhi. Dada yako alikuwa kwenye foleni ya mkate, ukafungua nyaya, ukazirudisha kama za kiwandani, kwa ajili ya maonyesho yako ya Varadero wanakotaka pikipiki ambazo hazikuguswa. Nikasema moyoni, atamwambia. Akarudi, akaweka mkate mezani, ukampita kama kiti, kwa sababu tangu mgombanie rangi ya pikipiki hamsemeshani, mnapishana humu ndani kama wapangaji. Kisha kifua kikanibana, yeye akakimbilia helmeti, nawe ukabaki umeduwaa, mdomo wazi, neno halitoki!

Usimtazame kaka yako hivyo, Niurka. Lakini ujue: ungeteremka hadi kwenye reli ya treni ya miwa, ungefunga kishikio cha kushoto ukiamini umekata mafuta, na pikipiki ingezidi kukuvuta. Kufa siogopi, wanangu. Hilo ndilo lililonitoa jasho.

Basi, pikipiki isiuzwe, isigawanywe. Rangi pakeni mtakayo, hata ya waridi, nitakuwa sioni. Ila mafuta yabaki kushoto. Eliécer, najua walikucheka shuleni, "mtoto wa kilema", ukaapa kwamba ipo siku itasimama safi kama ilivyozaliwa. Mwanangu, ulikuwa unamfuta baba yako. Na kuanzia leo, atakayegusa waya au nati yoyote humu aseme kwa sauti kabla hajaweka spana chini.

Nenda ukavigeuze tena vishikio. Sasa hivi, mbele yangu. Niurka, mshikie taa... Kumbe mnaweza. "Nipe koleo" nalo ni neno, tunaanzia hapo.

Maji... hapana, acha, usimwachie kazi peke yake. Mungu awalinde, na Bikira wa Cobre awafunike, wewe na yeye, na watoto mtakaowapakia... awape mikono mizima... na midomo inayofunguka...

Imekaza? Siwaoni vizuri. Msiiwashe kwanza. Sema kwa sauti, Eliécer... mafuta yako wapi?

Siyo mimi, mwanangu... mwambie dada yako.