Maiti Aliyeimba

Redio ya basi ilipiga wimbo, mama mshonaji mbele yangu akaguna.

"Huyu anayeimba alikuwa mwigizaji, nguo zake nikimshonea mimi. Siku moja kaigiza mama aliyekufa, pazia la kufunga onyesho likakwama. Alilala pale weee, mwishowe maiti akaanza kumbembeleza mwanawe wa mchezoni kwa wimbo aliotunga mwenyewe. Ndio huu. Ukumbi mzima ulilia."

"Nilikuwepo," alisema mzee aliyekaa naye. "Aliharibu mchezo. Maiti gani anaimba? Tangu siku ile kashika gitaa, jukwaa kaliacha. Gitaa limetunyima mwigizaji."

"Limetupa mwimbaji, baba."

Nilidhani watashikana mashati. Basi likafika kituoni, dereva akazima injini, na redio ikakatika.

"Si ungeacha wimbo uishe!" wakamfokea wote wawili kwa pamoja.