Nani Kachimba Shimo Jeusi?

Benchi langu la kahawa liko mkabala na maegesho ya bodaboda, barabara ya kwenda sokoni, Sumbawanga mjini. Upepo wa Julai hapa kwetu hauna adabu, kwa hiyo nimetundika turubai la kukinga, na chini nimeligandamiza kwa bonge la mavi ya chuma, ile takataka inayobaki chuma kikishayeyushwa. Nililirithi kwa babu. Ng'ombe walirithi wengine. Wateja wangu wa kudumu ni wawili. Zenon tunamwita Redio kwa sababu hazimiki. Ngeleja, Msukuma mfugaji, tunamwita Mizani, maana kila jambo analipima kwa ng'ombe. Asubuhi hiyo aliongezeka Mwalimu Suma, kijana wa Mbeya, mwezi wa pili tu kazini, ameshika kikombe kama mtu aliyefiwa.

MIMI: Mwalimu, kahawa inanywewa, haiangaliwi.

SUMA: Bibi, nina kipindi saa nne, na mkuu wa shule atakaa nyuma kunikagua. Jana nilifundisha kwamba nyota kubwa ikifa huacha shimo jeusi. Mwanafunzi mmoja, Loth, akauliza nani alilichimba. Nikababaika. Walicheka mpaka kengele. Leo nimeahidi jibu.

ZENON: Hilo tu? Wamechimba Wazungu. Roketi zote zile unadhani zinabeba nini? Sururu na sepetu!

NGELEJA: Acha uongo, Redio. Nyota kubwa ni fahali. Akizeeka hataki kuona dume jingine, anawala wenzake.

ZENON: Fahali anakula fahali?

NGELEJA: Wa mbinguni.

SUMA: Jamani, wazee wangu...

ZENON: Subiri, sijamaliza. Hilo shimo lina mdomo wa pili, uko chini ya Ziwa Rukwa. Ndiyo maana mwaka huu ziwa limejaa, mwaka ule limekauka. Linanyonywa!

NGELEJA: Kumbe! Basi hata wale ng'ombe wangu wawili waliopotea Ilemba...

ZENON: Wako angani, mshikaji. Wanazunguka.

MIMI: Wako Kaoze kwenye zizi la shemeji yako, na hapa hakuna asiyejua.

Nikaona huyu kijana tukimwachia Redio, saa tano atakuwa stendi na begi lake.

MIMI: Hebu niambie, hiyo nyota inawaka kwa kuni gani?

SUMA: Haina kuni, bibi. Uzito wake unaibana, katikati panakuwa na joto kali mno, vitu vyepesi vinaungana kuwa vizito. Hapo ndipo moto unapotoka, unasukuma nje. Bila moto huo ingejiangukia yenyewe.

MIMI: Kama ilungu.

SUMA: Kama nini?

MIMI: Tanuri la Wafipa, la udongo, refu kuliko wewe na Zenon mkibebana mabegani. Babu alijaza mkaa na mawe yenye chuma, akawasha, upepo ukajiingiza wenyewe kwa matundu ya chini. Siku zinapita linawaka tu. Chuma kikishakusanyika, anabomoa mlango anakitoa. Hapo kazi imekwisha. Nani amewahi kuota moto wa chuma?

Kikombe cha mwalimu kikagonga benchi.

SUMA: Bibi! Nyota kubwa nayo mwisho wake ni chuma!

MIMI: Usinipigie kelele, sijawa kiziwi.

SUMA: Inapika, inapika, mpaka tumbo linajaa chuma. Na chuma hakiongezi moto, kinaula. Hata hicho cha babu yako kilipikwa kwenye nyota kabla dunia haijakuwepo.

MIMI: Sasa huko juu nani anakitoa?

SUMA: Hakuna.

MIMI: Na kuta?

SUMA: Haina kuta. Ilishikiliwa na moto.

MIMI: Basi linaporomoka lote ndani.

SUMA: Ndani, kufumba na kufumbua! Mara nyingi sehemu ya nje inalipuka kwa kishindo. Lakini tumbo likiwa zito sana linajibana, linajibana, mpaka hata mwanga unashindwa kutoka. Ndiyo maana jeusi. Hakuna aliyechimba!

Ngeleja alikuwa ameshatazama juu, mkono kwenye kofia.

NGELEJA: Na jua letu, mwalimu?

SUMA: Dogo, mzee. Halifiki hata kwenye chuma.

NGELEJA: Ndama.

SUMA: Ndama kabisa.

ZENON: Na Rukwa je?

MIMI: Rukwa ni mvua, Zenon. Kunywa.

Mwalimu akaniomba lile bonge akawaonyeshe wanafunzi. Alipolinyanyua tu, turubai likapaa likamfunika Redio, tukapata ukimya wa kwanza tangu Pasaka.

Ukimya huo akautumia Angela, mama anayeleta dagaa kutoka Kabwe. Alikuwa ameshusha beseni kitambo, anasikiliza.

ANGELA: Samahani, mwalimu. Kama chuma kilipikwa kwenye nyota, na nyota imekiangukia ikakifungia ndani, hata mwanga hautoki, mbona mimi nina jembe?

Ngeleja akatafuta ng'ombe wa kufananisha, akakosa. Nikainua birika nimmiminie kila mtu kidogo tupate la kufanya, yakatoka mashapo.

SUMA: Hilo darasani sitalitaja.

MIMI: Utalitaja. Jana walikucheka kwa kubabaika. Ungesema hujui, wangecheka nini?

Akaondoka mbio, bonge kwapani.

Saa sita alirudi, chaki mpaka kwenye nyusi.

MIMI: Wamecheka?

SUMA: Hawakucheka, bibi. Bonge limezunguka madawati yote, Loth amelinusa. Nikawaambia hakuna aliyechimba, nikaeleza tanuri lako. Mkuu wa shule akawa anaandika tu.

MIMI: Na la Angela?

SUMA: Nikasema sijui. Mkuu wa shule akanyoosha mkono.

MIMI: Kumbe yeye anajua?

SUMA: Hajui. Ameomba wiki ijayo akae tena, asikie jibu.

Nikamnyang'anya bonge langu, nikaligandamizia turubai, nikabandika birika jingine.