Evaline Alivyokimbia Nyumbani

Mgeni rasmi, mheshimiwa uliyeacha shughuli zako mjini Kigoma ukapanda milima mpaka huku kwetu. Mkuu wa kambi. Mabwana na mabibi wa shirika. Wazazi wenzetu mnaoungua na jua:

Risala iliyokaguliwa ofisini ilikuwa ya ukurasa mmoja. Hii si hiyo. Gervasi, ambaye tumemchagua akusomee kwa sababu ana sauti na hana woga, ameiacha ile nyumbani kwa makusudi. Tunaomba utuvumilie.

KARIBU

Tunakukaribisha kwa mikono miwili katika uzinduzi wa kampeni ya "Mazoezi Nyumbani". Tuliambiwa tukupigie vigelegele, na umevisikia. Kiti ulichokalia tumekiazima kanisani, meza ni ya zahanati, na kitambaa kilichotandikwa ni kitenge cha Mama Leonida, alichokinunua Ujiji enzi zile tulipokuwa tunaruhusiwa kufika Ujiji. Anaomba soda isimwagike juu yake.

TULIKOTOKA

Tulivuka mpaka tukikimbia vita, mwaka tisini na sita. Watoto wetu wengi walivuka wakiwa mgongoni. Mwenzetu Melania alivuka na binti yake Evaline mgongoni, akateleza mtoni akaumia kiuno, na kiuno hicho hakijapona. Mpaka leo anatembea ameinamia upande mmoja.

Kwa hiyo Melania alikuwa na neno moja kwa mtoto wake tangu alipoanza kusimama: "Siku ya kurudi mimi sitaweza kukubeba. Utakwenda kwa miguu yako."

Nyumba zetu unaziona, Mgeni rasmi. Ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Humo ndani, miaka mingi kabla ya kampeni hii, Melania alikuwa akimfanyisha binti yake mazoezi. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, na Evaline akakimbia palepale aliposimama, huku mama akimtajia njia.

"Sasa tumefika Kalinzi, kwenye kahawa. Panda, inua magoti. Sasa Manyovu. Usiongee na askari. Haya, mto huo, ruka."

Evaline aliruka, vumbi likajaa kwenye sufuria, mama akacheka. Safari iliishia kwa bibi yake huko Makamba, ng'ambo ya mpaka, nyuma ya jiko, penye mparachichi. Huko ndiko walikokuita nyumbani, imuhira, kwa lugha yetu. Nyumba ya turubai Melania hakuwahi kuiita nyumbani hata siku moja. Aliiita "hapa".

MAFANIKIO

Shirika lilimleta mwalimu wa mazoezi, Bariki, kijana mwenye heshima kutoka Moshi. Alifundisha kuruka kamba na kuchuchumaa, na alipita nyumba kwa nyumba akituhimiza tusiwaache watoto wakae wamejikunyata kutwa. Kusema kweli tulimcheka. Mtoto anayeteka maji bondeni na kutafuta kuni mpaka jioni unamhimiza ajinyooshe viungo? Lakini alipofika kwa Melania alimkuta Evaline anakimbia katikati ya chumba, jasho linamtiririka, na karibu amkumbatie. Akamtangaza Melania kuwa mama wa mfano. Akampa ndoo mpya. Wengine tulinuna.

Kisha ikaja siku ya majaribio ya sherehe hii. Bariki aliwapanga watoto hapa hapa uwanjani, akawaeleza vizuri, kwa Kiswahili chake safi:

"Nikipiga filimbi, kila mtoto akimbie nyumbani. Asisimame njiani mpaka afike. Sawa?"

"Sawa, mwalimu."

Akapiga. Watoto wakatawanyika kuelekea kwenye maturubai yao. Evaline peke yake alikata upande wa pili, akaishika njia ya kuni. Tulimwona. Tulidhani anazunguka ili awapite wenzake. Bariki mwenyewe alisema, "Yule ana mbio," akacheka. Mpaka giza linaingia alikuwa hajarudi.

Habari zake tulizipata kwa Mzee Kasiani wa Kalinzi, anayetuletea ndizi sokoni. Anasema alimwona mtoto wa kike anapita kando ya kahawa yake, hana viatu. Akamwita, akampa ndizi ya kuchoma, akamuuliza anakwenda wapi. Mtoto akajibu, "Ngiye imuhira." Nakwenda nyumbani. Mzee Kasiani ni Muha, neno hilo ni lake pia. Alidhani nyumbani ni hapo mbele kidogo, akamwacha aende. Tangu hapo hajaonekana.

Ndiyo mafanikio yetu, Mgeni rasmi. Katika watoto wote wa kambi hii, ni mmoja tu aliyemwelewa mwalimu neno kwa neno.

MATATIZO

Melania alikwenda ofisini asubuhi iliyofuata kuomba kibali cha kutoka. Wewe unajua sheria: kupita kilomita nne kutoka kambini ni kosa. Akaambiwa asubiri. Aliporudi mara nyingine akaambiwa mtoto hajapotea. Kwa kuwa ameonekana akielekea mpakani, na mwenyewe amesema anakwenda nyumbani, basi amerejea kwa hiari. Chakula cha mtoto kikakatwa. Ijumaa ile tukasikia kwa masikio yetu kwenye kipaza sauti: mkimbizi mmoja amerejea nchini kwake kwa hiari yake, na tupige makofi. Melania alikuwa amesimama katikati yetu.

Tuna uchungu, Mgeni rasmi. Tena tuna hasira. Mtoto wa miaka tisa hana hiari ya kuvuka mpaka. Wanaokuja sasa hivi kutoka Makamba wanasema usiku risasi hazinyamazi.

Na lipo jingine. Bibi yule alifariki mwaka juzi, na nyumba imebomoka. Melania alipata habari akakaa nazo, akaendelea kumtajia mtoto mparachichi kama kawaida. "Ningemwambia," anasema, "angekimbia kwenda wapi?"

Bariki alikuja kwake analia. Akamuuliza, "Mama, kwani nyumbani si hapa kwako?"

Melania akamjibu, "Mwanangu, usijisumbue. Mimi ndiye niliyemfundisha njia."

MAOMBI

Tulishauriwa tuombe mipira na jezi. Mipira leteni, watoto hawahusiki na hasira zetu. Tunaomba pia Bariki asifukuzwe kazi, maana tumesikia anatafutwa mtu wa kubebeshwa mzigo huu, na yeye alisema "nyumbani" kama mtu yeyote mwenye kwao anavyosema.

Ombi la tatu lilikuwa kibali cha Melania. Alitakiwa alisome yeye mwenyewe, na kiti chake ni hicho kitupu kando ya Gervasi. Ombi hilo tunaliondoa. Melania ameondoka alfajiri ya leo bila kibali, na kiuno chake kilekile.

Badala yake tunaomba hivi. Jioni ukirudi mjini, njia yako na yake ni moja mpaka njia panda ya Manyovu. Ukimkuta mwanamke anatembea ameinama upande, usimrudishe. Kama kuna nafasi garini, mpakie. Asipokuwa na nguvu za kusema, wewe usimuulize. Na kesho kutwa wakikuletea taarifa kwamba mkimbizi mwingine amerejea kwa hiari yake, ujue si kweli. Amekwenda kumchukua mtoto.

Mungu akufikishe salama. Watoto wako uwakute wote, na wakuitikie unapowaita.

Ni sisi, wazazi wote wa Mtaa wa Juu, kasoro Melania.